Nani Ameyapima Maji? Gesi Asilia, Kipimo na Haki

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Singida



Ilipotangazwa kwamba mada ya leo ni upimaji wa gesi asilia, tuliwasikia baadhi yenu mkinong'onezana kwamba safari hii Tume imepotea njia. Singida haina kisima cha gesi. Sisi tuna alizeti, vitunguu na asali. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyo tutaanza na alizeti.

Miaka michache iliyopita waamini wa vigango vyetu walileta zaka ya mavuno, magunia kadhaa ya alizeti, nasi tukamwita mnunuzi. Alikuja na mizani yake, na mizani ile haikuwa na kasoro. Tuliipima kwa jiwe tulilolijua uzito wake, ikasema kweli. Lakini kabla ya kuandika uzito wa kila gunia, mnunuzi alitia mkono ndani, akazisugua mbegu kwa vidole, akasema, “Hili lina maji, tunakata kilo 5.” Gunia lililofuata akakata kilo 3, na lililofuata akarudia 5. Hakuna aliyemzuia, hata sisi wenyewe, mpaka mama mmoja wa jumuiya aliyekuwa akishona midomo ya magunia akauliza kwa upole, “Baba Paroko, hivi mkono wa mtu unasoma namba?”

Hatukuwa na jibu. Mizani ilikuwa ya haki, bei ilikuwa imekubaliwa, na bado haki ilikuwa imetuponyoka mahali pasipoonekana, yaani katika ile kilo 3 au 5 iliyokatwa kwa jina la maji. Mnunuzi hakuwa lazima mwongo. Alizeti iliyovunwa kabla ya kukauka ina maji kweli, na si haki mtu alipie maji kwa bei ya mbegu. Tatizo lilikuwa kwamba aliyekadiria maji ni mmoja tu, naye ndiye aliyefaidika na kadirio lake.

Ndugu, swali la mama yule ndilo hasa swali la upimaji wa gesi. Tuvumiliane kidogo katika mambo ya kiufundi, kwa maana hayana ugumu wa kumshinda mtu aliyewahi kuuza gunia.

Gesi haitoki ardhini ikiwa safi kama ile iliyomo katika mtungi wa jikoni. Hutoka pamoja na maji, na mahali pengine pamoja na mafuta mepesi yaliyokuwa mvuke kule chini kwenye joto na mgandamizo mkubwa, yakageuka matone yalipopanda juu. Gesi ya namna hii wataalamu huiita gesi yenye majimaji. Nchini kwetu gesi iligunduliwa kisiwani Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Gesi ya mahali hapo pote pawili ni nzuri, sehemu yake kubwa mno ni methani, na majimaji yake ni machache. Lakini katika kisima cha Ntorya, mkoani Mtwara vilevile, kilichochimbwa mwaka 2012, gesi ilitoka ikifuatana na mafuta mepesi. Hata kisima kilichoanza kikiwa kikavu, kadiri gesi inavyopungua, maji ya ardhini husogea na kupanda nayo. Kisima ni kama mtu, huzeeka na tabia yake hubadilika.

Sasa, gesi inayopita ndani ya bomba hupimwaje? Haiwezekani kuijaza katika debe. Njia ya zamani, nayo inatumika hadi leo duniani kote, ni kuibana. Mmeona jinsi maji ya korongo yanavyofanya yanapokuta mawe mawili makubwa, kama haya mawe yetu ya Singida: nyuma ya mawe maji hujaa na kusukuma, katikati hupita kwa kasi, na mbele hutulia. Ndani ya bomba la gesi huwekwa bamba la chuma lenye tundu katikati, au bomba lenyewe hubanwa kiuno kisha likapanuliwa tena. Umbo hili la pili huitwa bomba la Venturi, kwa jina la mwanafizikia wa Italia, ingawa aliyelifanya kuwa chombo cha kupimia ni Mmarekani Herschel, mwaka 1887. Mgandamizo hupimwa kabla ya mbano na kwenye mbano, na tofauti ya namba hizo mbili hueleza gesi inapita kwa wingi gani. Uhusiano wake si wa moja kwa moja: tofauti ikiongezeka mara nne, mtiririko umeongezeka mara mbili tu. Tuliyasoma haya seminarini na tukayasahau siku ya pili baada ya mtihani. Tumelazimika kuyasoma upya kwa ajili yenu.

Kwa gesi kavu, njia hii huaminika sana. Chombo kilichotunzwa vizuri hukosea kwa takriban sehemu moja katika mia, au pungufu ya hapo. Taabu huanza gesi inapobeba majimaji. Matone yanapofika kwenye mbano, gesi hulazimika kuyasukuma yapite, nayo hutumia nguvu zaidi. Tofauti ya mgandamizo huongezeka. Chombo hakijui kwamba kuna matone. Chenyewe kinajua tofauti tu, nacho huandika kwamba gesi imepita nyingi kuliko ilivyopita. Kwa maneno mengine, maji huhesabiwa kama gesi.

Mtu anaweza kusema kwamba maji kidogo yatazidisha kidogo. Tutoe mfano. Mwaka 1962 mhandisi Mmarekani aitwaye Murdock alitoa hesabu rahisi ya kurekebisha kosa hili kwa bamba lenye tundu, na hesabu yake bado inafundishwa. Tuchukue bomba ambamo kila mita moja ya ujazo wa gesi, kwa sababu ya mgandamizo, ina uzito wa kilo 40. Tuseme katika ujazo wote unaopita, sehemu 98 ni gesi na sehemu 2 tu ni maji. Kwa hesabu ya Murdock, chombo kitaandika gesi zaidi ya iliyopo kwa asilimia ipatayo 12.9. Sehemu mbili za maji zimezaa kosa la zaidi ya sehemu kumi na mbili! Hapo tulipofika tuliirudia hesabu mara tatu, tukidhani tumekosea sisi.

Wataalamu waliofuata waliboresha hesabu hiyo. Mwaka 1997 de Leeuw alionyesha, kwa bomba la Venturi, kwamba kiasi cha kosa hutegemea pia mgandamizo na kasi ya gesi. Viko vyombo vingine vinavyotumia mawimbi ya sauti yanayovuka bomba yakifuata mkondo na kurudi kinyume chake, navyo pia husumbuliwa na matone. Kwa hiyo elimu ipo, wala si siri. Ila hesabu zote hizi zina sharti moja, na hapa ndipo tunapowaomba mtege masikio: ili urekebishe kipimo cha gesi, lazima kwanza uingize namba ya majimaji. Chombo cha kubana peke yake hakikupi namba hiyo. Lazima itoke mahali pengine, na lazima kuwe na mtu aliyeipata na kuiandika.

Huipataje? Njia ya uhakika zaidi ni kupitisha gesi ya kisima katika tangi la kutenganishia. Ndani yake mwendo hupungua, majimaji hushuka chini kwa uzito wake, gesi hutoka juu, na kila kimoja hupimwa peke yake. Lakini tangi la kila kisima ni gharama kubwa, hasa kisima kikiwa chini ya bahari, kwa hiyo visima vingi hupitishwa kwa zamu, na namba iliyopatikana siku ya zamu hutumika mpaka zamu nyingine. Njia nyingine ni kutia katika bomba kimiminika chenye rangi maalumu kwa kipimo kinachojulikana, kisha kuchota sampuli mbele na kuangalia rangi imechujuka kiasi gani. Siku hizi viko pia vyombo vya gharama vinavyounganisha vipimo kadhaa kwa pamoja na kukadiria majimaji papo hapo, navyo huhitaji kujaribiwa na kusahihishwa mara kwa mara.

Mmeona basi kwamba tumerudi kwenye gunia la alizeti. Mizani ni safi, lakini kuna mkono uliotiwa ndani ya gunia. Kama namba ya maji ni ya miezi sita iliyopita na kisima kimebadilika, kipimo cha leo ni cha uongo bila mtu yeyote kusema uongo.

Ni nani anayeumia? Si rahisi kujibu, na tunawasihi msikimbilie kusema “tunaibiwa”. Gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay husafishwa na kukaushwa kwenye mitambo kabla ya kuingia katika bomba kuu la kwenda Dar es Salaam, na huko hupimwa tena ikiwa kavu. Kipimo cha mauzo, basi, kina msingi imara kuliko kile cha kisimani. Anayeumia kwanza ni jirani. Tuchukue visima viwili vyenye wenye hisa tofauti, vinavyomwaga gesi katika mtambo mmoja. Kila kimoja kimetoa kweli vipimo 50. Cha kwanza ni kikavu, chombo chake kinaandika 50. Cha pili kina majimaji kama ya mfano wetu ambayo hayakurekebishwa, chombo kinaandika 56.4. Mtamboni zimepokewa 100 kavu, zinagawanywa kwa uwiano wa vyombo. Kikavu kinapewa 47, chenye maji kinapewa 53. Vipimo 3 vimehama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na wote wametia saini. Mpango uliotangazwa wa gesi ya Ntorya ni kuipeleka Madimba, inakosafishwa gesi ya Mnazi Bay. Mambo ya namna hii, kwa hiyo, si ya vitabuni tu.

Anayeumia baadaye ni taifa zima. Chini ya mikataba yetu ya ugawanaji wa uzalishaji, mwekezaji hurudishiwa kwanza gharama zake kutoka katika sehemu ya gesi, na kinachobaki hugawanywa kati yake na taifa kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Kila mgawo huanza na namba ya kilichotoka. Tena namba ya kisimani ndiyo inayotueleza kimebaki nini ardhini. Tukidhani tumekwisha kutoa gesi nyingi kuliko tuliyotoa, au kidogo kuliko tuliyotoa, tutawapangia wajukuu wetu ghala tusilolijua.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, kusimamia utafutaji na uzalishaji. Wakala wa Vipimo upo pia, huyuhuyu anayetusaidia dhidi ya lumbesa sokoni. Mwaka 2015 pia ilitungwa sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, na taasisi yake, TEITI, hutoa ripoti. Tunazisifu ripoti hizo, na tunawahimiza mzisome. Lakini mzisome mkijua kazi yake kubwa ni ipi: hulinganisha fedha ambazo kampuni zinasema zimelipa na fedha ambazo Serikali inasema imepokea. Namba mbili zikikubaliana, tunafurahi. Nazo zaweza kukubaliana kikamilifu huku zote mbili zimezaliwa na kipimo kimoja kilichokosea. Siku ile ya alizeti daftari letu na daftari la mnunuzi yalilingana hadi senti ya mwisho.

Wala tusidhani kwamba uzembe wa vipimo ni jambo la kufikirika. Februari 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika bandari ya Dar es Salaam alikuta mita za kupimia mafuta yanayoshushwa melini hazijatumika kwa takriban miaka mitano, na mafuta yalikuwa yakipimwa kwa kutumbukiza kijiti katika matangi. Mita zilikuwapo. Zilinunuliwa kwa fedha za wananchi. Hazikusoma. Hapo hapakuwa hata na hoja ngumu ya maji ndani ya gesi, na bado miaka ikapita. Je, jambo ambalo macho hayalioni litasubiri miaka mingapi?

Yako mengine yanayotugusa karibu zaidi. Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, na njia yake inapita mkoani kwetu. Baadhi yenu mmeguswa kwa mashamba. Mafuta yale ni mazito yenye nta, hivyo bomba limetengenezwa liyapashe moto yabaki kwenye nyuzi 50 yasigande, na mafuta yenye joto huvimba. Mapipa 100 yaliyopimwa yakiwa ya moto hivyo hupungua kwa mapipa yapatayo mawili au matatu yakipoa hadi nyuzi 15, kiwango kinachotumika kulinganishia. Malipo ya kupitisha mafuta huhesabiwa kwa pipa. Je, ni pipa la moto au pipa lililorekebishwa? Wataalamu wanalo jibu, limo katika taratibu zao. Kiongozi wa walei anayejua kuuliza swali hilo katika mkutano ataheshimiwa, naye atajibiwa.

Vilevile TPDC imekuwa ikitafuta mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linaloingia mkoani kwetu. Huenda kisipatikane kitu. Kama kitapatikana, tusianze kujifunza siku ya kugawana. Ndugu zetu wa Mtwara, Januari na Mei 2013, waliingia barabarani kwa sababu ya bomba la gesi kwenda Dar es Salaam. Mali zikachomwa, watu wakapoteza maisha. Hatuwahukumu. Tunasema tu kwamba watu walikuwa wakibishana juu ya wingi ambao hawakuwahi kuonyeshwa unavyopimwa, na Serikali ilikuwa ikiahidi manufaa kwa namba ambazo hakuna mwanakijiji aliyeweza kuzihakiki. Mahali pasipo na kipimo kinachoaminiwa na pande zote mbili, uvumi hujaza nafasi.

Ninyi makatekista mtakuwa mmekwisha kukumbuka Kitabu cha Walawi, sura ya 19. Sheria ile haikuishia kwenye mizani na mawe. Ilitaja efa, kipimo cha vitu vikavu, na hini, kipimo cha vimiminika, kila kimoja kwa jina lake. Hatudai kwamba Musa alijua habari za gesi yenye majimaji. Lakini ni wazi kwamba walioandika walikuwa wameuza na kununua, wakajua hila hujificha wapi.

Tume yetu inaomba nini, basi? Haiombi mkawe wahandisi. Inaomba kwamba popote wawakilishi wetu, madiwani na wabunge, watakapoletewa namba za gesi au mafuta, wasiulize tu “kiasi gani?” Waulize namba ya majimaji iliingizwa lini, na kwa kipimo cha siku gani. Waulize kama ofisa wa Serikali alikuwapo kisima kilipopitishwa katika tangi la kutenganishia, au aliletewa karatasi mezani. Waulize chombo kilisahihishwa lini na nani asiye mnunuzi wala muuzaji. Maswali haya hayamtukani mtu. Mwekezaji mwaminifu huyapenda, maana yanamlinda yeye pia dhidi ya jirani yake mwenye kisima chenye maji.

Na kwa kuwa ni vigumu kudai Mtwara kile tusichokifanya nyumbani, tuwape taarifa fupi. Baada ya siku ile ya zaka, parokia ilinunua kipima unyevu cha nafaka na mbegu, kifaa kidogo cha kushika mkononi. Msimu uliofuata mnunuzi alipotia mkono katika gunia la kwanza, mama yule yule alimpa kifaa, akamwomba asome kwa sauti. Kwa magunia mengi makato yalipungua. Kwa magunia manne, tuseme ukweli, yaliongezeka: mbegu zilikuwa na maji kuliko mkono wa mnunuzi ulivyodhani, nasi tukakatwa, tukatia saini.

Kifaa hicho kinatunzwa kwa katibu wa Tume. Kigango chochote kinaweza kukiazima, kwa sharti la kukirudisha kabla ya Jumapili na betri zake zikiwamo. Sasa tuyapokee maswali.